Maji ya Rejeta Yanakwenda Wapi? Kwa Wenye Magari ya Kale

Wenye magari ya kale hutuletea karakanani lalamiko moja: "Asubuhi nimejaza rejeta, jioni maji yamepungua." Wengi wao huja wakiwa wameshaambiwa wanunue rejeta mpya, kabla mtu yeyote hajauliza maji yametokea wapi. Nitaeleza kwa kutumia Ford Model A, gari lililoundwa Marekani kuanzia mwishoni mwa 1927 hadi 1931, kwa kuwa mfumo wake wa kupoza injini ni mwepesi kuufuatilia kwa macho.

Rejeta ya Model A haina presha. Kifuniko chake hufunika tu, hakibani, na hakuna chupa ya akiba kama kwenye magari ya siku hizi. Ndani ya tangi la juu kuna kijibomba kinachoshuka hadi chini ya gari, na maji yanayozidi hutokea hapo. Mfumo mzima huchukua kama lita 11. Maji yakipanda joto kutoka nyuzi 20 hadi 85 za Selsiasi hutanuka kwa takriban asilimia 3, yaani theluthi moja ya lita. Ukijaza mpaka shingoni injini ikiwa baridi, kiasi hicho lazima kimwagike. Kesho yake unaona pengo, unajaza tena, yanamwagika tena. Gari hilo halina ugonjwa wowote! Chungulia ndani injini ikiwa baridi: maji yakiwa yamefunika ncha za mirija, yaani vijibomba vyembamba vinavyoshusha maji ndani ya rejeta, kwa sentimita mbili au tatu, yaache hapo hapo.

Ili usibahatishe, funga chupa ya plastiki chini ya mdomo wa kijibomba hicho bila kuuziba, mbali na ekzosi, kisha endesha gari kama kawaida. Chupa ikipata maji safari ya kwanza halafu isiongezeke, rejeta imejipatia kiwango chake.

Chupa ikijaa kila safari, hasa ukienda kasi, shuku mirija. Pampu husukuma maji kwenye tangi la juu, nayo hutakiwa kushuka kupitia mirija myembamba ya rejeta. Mirija ikiwa imejaa kutu na ukoko wa chumvi, maji huja kwa haraka kuliko yanavyoshuka, tangi hufurika na yaliyozidi hutoka. Ndiyo maana gari kama hilo likisimama linanguruma polepole halimwagi hata tone. Dawa ni kuifungua rejeta na kuichokoa mirija, au kuibadilisha ikiwa imechoka. Lakini kwanza tazama wenzo wa kushoto chini ya usukani, ule wa kurekebisha wakati ambapo cheche huwasha mafuta kwenye silinda. Huwekwa juu wakati wa kuwasha, na injini ikishawaka unatakiwa kuushusha. Dereva akiusahau juu, injini hupata moto kupita kiasi na maji huchemka. Kwa wanaoendesha nyanda za juu jambo hili ni zito zaidi. Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94, si 100 kama Mombasa.

Chupa ikibaki kavu na maji bado yanapungua, hapo kweli kuna mvujo. Anzia kwenye pampu ya maji. Mhimili wake umezungushiwa kamba ya kuzuia maji inayobanwa na nati. Ikidondosha, kaza kidogo kidogo, maana ukiikaza mno utaukwangua mhimili. Kisha kagua mipira ya kupitishia maji na maungio yake. Maji yanayodondokea chuma cha moto hukauka kabla hayajafika chini, kwa hiyo usitafute dimbwi, tafuta michirizi myeupe au ya rangi ya kutu. Usipoona kitu, ondoa mkanda wa feni injini ikiwa baridi, jaza rejeta, washa injini kwa muda mfupi tu na utazame shingoni. Mapovu yanayopanda mfululizo huashiria kwamba gesi ya silinda inaingia kwenye maji, mara nyingi kupitia gasketi ya hedi, kizibo kilicho kati ya kichwa cha injini na bloku, yaani mwili wake. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa nayo inakuonya hivyo hivyo.

Wapo wanaotia yai au unga wa pilipili ili kuziba tundu. Tundu huweza kuziba kweli, lakini mirija nayo huziba, na wiki chache baadaye tunaanza kushughulikia tatizo kubwa kuliko la kwanza. Vivyo hivyo usifunge kifuniko cha presha kwenye rejeta hii. Viungo vyake vya risasi na pampu yake havikuundwa kuihimili. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu, na uepuke maji ya kisima yenye chumvi. Kulanti (kimiminika cha kupozea injini) ya ethilini glikoli ina ladha tamu na ni sumu kali kwa watoto na mbwa, kwa hiyo ukiimwaga usiiache kwenye beseni uani.

Maji yakikuishia njiani, zima injini na usiguse kifuniko kwanza. Subiri mpaka uweze kuweka kiganja juu ya rejeta bila kuungua, ndipo uongeze maji polepole. Chuma cha kusubu cha injini kikimwagiwa maji baridi kikiwa na moto huweza kupasuka, na mafundi wa kuziba ufa wa bloku ya zamani ni wachache.