Simboli ikifichwa, anafichwa nani?

Nimesikia tena mtu akimshauri mwenzake aweke flagi ya kompaila `-fvisibility=hidden` "ili watu wasisome kodi yako", na mwenzake akaitikia akaiweka, sasa naona hii tuiongee vizuri.

Flagi hiyo inagusa mwonekano wa simboli, yaani alama kwenye jina la funkshoni au variabo inayosema jina hilo linafika wapi baada ya kulinki, yaani kuunganisha faili zilizokompailiwa. Optimaizesheni ya programu nzima, wengi wanaiita LTO, ni pale kompaila inaposubiri faili zote zikusanyike ndio iboreshe kodi kwa pamoja badala ya faili moja moja, kompaila ya GCC inayo tangu toleo la 4.5 mwaka 2010. Basi, hiyo ndiyo maana.

Kinachopoteza watu ni neno lenyewe. Ukisema kitu "kinaonekana" hujamtaja anayekiona, kitenzi kinamwacha nje, kila mtu anajaza anayemtaka na wengi wanajaza binadamu. Lakini ukisema "ficha" lazima kuwe na anayefichwa, unamficha mtu kitu. Kwenye faili za ELF, muundo wa programu na laibrari za Linux, anayefichwa ni linka dainamiki, ile inayounganisha majina programu inapoanza kukimbia, pamoja na kila kilicho nje ya laibrari yako. Msomaji hajafichwa chochote. Chukua funkshoni `hesabu` iko ndani ya a.c, inaitwa na b.c, zote mbili zinaingia laibrari ya pamoja libx.so. Ikompaili na hidden bila LTO halafu piga `nm -D libx.so`, amri inayoorodhesha majina ambayo linka dainamiki inayaona, hesabu haipo. Toa hiyo -D, piga tena, hesabu hii hapa, ina t ndogo pembeni badala ya T kubwa, yaani ni ya ndani tu. Jina liko wazi mpaka mtu apitishe `strip` inayofuta majina, na hata akipitisha, maagizo ya mashine yamebaki na anayejua kuyasoma atayasoma.

Na sio `static` pia, naomba sana tusizichanganye. static inaishia kwenye faili, hidden inaishia kwenye laibrari. Ukiifanya hesabu iwe static, b.c haitaipata na programu itakayotumia laibrari yako itagoma kulinki, ukiifanya hidden b.c inaiita kama kawaida.

Sasa faida yake kwa LTO ni hii, na ndio sehemu naipenda kuliko zote. Kwenye laibrari ya .so jina lisilofichwa mtu anaweza kulibadilisha kutoka nje kwa LD_PRELOAD, inayopakia laibrari nyingine mbele ya yako, kwa hiyo GCC kwa kawaida haithubutu kuumwaga mwili wa hesabu ndani ya b.c badala ya kuiita, hata uwashe `-flto`, hata kama kodi yote inaiona. Ukiificha inajua waitaji wote ni hawa hawa, inaumwaga, na ile asili inaweza kuifuta kabisa. Yani "nzima" sio kwamba umeipa faili zote, ni kwamba ina uhakika hakuna mwitaji mwingine nje.

Kwa hiyo ndugu yangu flagi iache, ni nzuri, ila ukiulizwa sema umezuia majina yasitoke nje ya laibrari, na zile funkshoni ambazo wengine wanazitegemea ziandikie mwonekano wa `default` wewe mwenyewe, la sivyo programu zao hazitalinki.