Ripoti tupu ya OpenVAS haimaanishi seva yako iko salama

Imekuwa kawaida sasa. Mtu anafunga OpenVAS, skana inayotafuta udhaifu kwenye seva, kwenye VPS (seva ya kukodi mtandaoni), anaskani seva ya ofisini kwao, halafu ananitumia skrinishoti ya ripoti isiyo na nyekundu (udhaifu hatari) hata moja na chini kaandika "tuko salama kaka". Ya juzi ilikuwa ya seva inayotunza taarifa za wagonjwa, na hapo ndo nikaona niandike, maana hili sio jambo la kuchekeana. Ripoti tupu mara nyingi maana yake skana haikuona kitu cha kupima, basi.

Kufunga kwenyewe napita haraka, sio pagumu. OpenVAS ilizaliwa baada ya Nessus, skana nyingine ya udhaifu, kuacha kuwa chanzo huria mwaka 2005, watu wakachukua msimbo (code) uliokuwa bado wazi wakaendelea nao, na leo inatunzwa na kampuni ya Greenbone ya Osnabrück, Ujerumani, kwa jina la Greenbone Community Edition. Kiwango cha chini wanachotaja ni koa 2, RAM GB 4 na diski GB 20. Hapo utateseka, chukua koa 4, RAM GB 8 na diski GB 60 kama wanavyopendekeza wenyewe, sababu PostgreSQL na Redis (database zake) na skana wote wanakula sahani moja. Weka Docker (inayoendesha programu ndani ya makontena), shusha faili la compose (maelezo ya makontena hayo) kutoka kwenye nyaraka zao, piga `docker compose up -d`, kisha subiri. Subiri kweli, fidi (orodha za vipimo na udhaifu) zinachukua muda mrefu kuingia kwenye database, na ukiwahi kubonyeza utapata kosa la `Failed to find config 'daba56c8-73ec-11df-a475-002264764cea'`, watu wakiliona wanafuta kila kitu wanaanza upya, kumbe hiyo namba ndefu ni ya mpangilio wa Full and fast ambao haujaingia bado. Nenda kale, rudi, angalia ukurasa wa Feed Status.

Akaunti inakuja admin/admin, badilisha kabla hujagusa kitu kingine. Na ukurasa wake umefungwa kwenye 127.0.0.1:9392, yaani unafikiwa kutoka ndani ya mashine yenyewe tu, uache hapohapo, ingia kwa `ssh -L 9392:127.0.0.1:9392`. Kuna wanaobadilisha iwe 0.0.0.0 (anwani zote za mashine) ili wafungue kwa simu, ukiwauliza wanakwambia UFW (fayawo ya Ubuntu) ipo. Docker inaandika sheria zake yenyewe kwenye iptables (sheria za fayawo za Linux), porti uliyoitangaza kwenye compose inapita bila kuisikiliza UFW kabisa. Yaani mashine yenye orodha ya udhaifu wa seva zako zote umeiacha wazi kwa dunia nzima.

Haya, ripoti tupu inatokeaje?

Ya kwanza ni ya kijinga lakini ndo naiona zaidi. Kabla ya kuskani, skana inauliza kama mashine iko hai, na kwa mipangilio inayokuja nayo inategemea ping. Fayawo yako ikiwa inatupa ICMP (ujumbe wa ping), skana inakosa jibu, inahesabu mashine imekufa, inairuka, na kazi inaandikwa Done. Skani ya Full and fast iliyoisha ndani ya dakika mbili haijafanya kitu. Kwenye target (mashine unayoiskani) weka Consider Alive urudie. Angalia pia orodha ya porti: All IANA assigned TCP haigusi porti zote, kwa hiyo ile paneli uliyoificha kwenye porti ya ajabuajabu haitaonekana. Angalia fail2ban (inayofungia IP zinazokosea kuingia) isije ikawa imemfungia skana katikati ya kazi. Na kama umeandika domaini iliyo nyuma ya Cloudflare (inayopokea trafiki kabla ya seva yako), umeskani Cloudflare, seva yako haijaguswa.

Ya pili ndo inayonikera, na hapa naomba usome taratibu.

Kila tokeo kwenye Greenbone lina asilimia inayoitwa QoD, yaani kipimo kina uhakika kiasi gani na kilichokiona. Ripoti inafunguka na filta ya 70, chochote cha chini ya hapo kipo ila hukioni. Sasa skana isiyo na namna ya kuingia ndani ya seva, kwenye mambo mengi sana inategemea baneri tu (mstari ambao huduma inajitambulisha nao), na kwenye Linux baneri inadanganya pande zote mbili. Chukua regreSSHion, tundu lenye namba CVE-2024-6387, lililotangazwa na kampuni ya usalama ya Qualys tarehe 1 Julai 2024. Tatizo lipo kwenye OpenSSH (programu ya kuingia kwenye seva kwa mbali) kuanzia 8.5p1 mpaka kabla ya 9.8p1. Gusa porti 22 ya Ubuntu 22.04 kwa `nc` utapata hivi:

`SSH-2.0-OpenSSH_8.9p1 Ubuntu-3ubuntu0.10`

Ukisoma 8.9p1 unasema hii imekwisha. Lakini soma mkia. Ubuntu hawakupandisha toleo, walichukua pachi (marekebisho) peke yake wakaiingiza kwenye 8.9p1 ileile, na 3ubuntu0.10 ndo kifurushi kilichoziba tundu. Seva yenye mkia wa 0.7 ni mbovu, yenye 0.10 ni nzima kwa tundu hili, namba ya mbele haijabadilika hata chembe. Debian 12 wamefanya vilevile, wamebaki 9.2p1 na kubadilisha mkia. Ukienda RHEL 9 baneri inasema `OpenSSH_8.7` basi, mkia hakuna, hakuna mtu aliyesimama nje anayeweza kujua kwa kusoma baneri kama pachi imeingia.

Greenbone wanalijua hili, ndo maana vipimo vya baneri visivyoaminika wanavipa QoD ya 30, na filta ya 70 inavificha. Uamuzi mzuri kabisa, ila matokeo yake ni makundi mawili ya watu. Wa kwanza anaona tupu anafurahi. Wa pili anashusha filta hadi 0, anakutana na utitiri wa nyekundu, anapaniki, anakompaili OpenSSH mpya kwa mkono, na kuanzia siku hiyo apt (inayosasisha vifurushi) haimletei tena pachi za SSH maana ameitoa mikononi mwake. Huyu wa pili ananiumiza zaidi kwa sababu amejitahidi.

Dawa ni kuipa skana ruhusa ya kuingia. Tengeneza yuza wa kawaida kwenye seva, bila sudo, mpe ufunguo wa SSH, uweke kwenye Credentials na kwenye target. Kusoma orodha ya vifurushi hakuhitaji root. Skana inachukua orodha, Notus, sehemu ya Greenbone, inalinganisha na taarifa za usalama za Ubuntu au Debian wenyewe, mkia unasomwa, na QoD inapanda hadi 97. Halafu hakikisha kweli imeingia. Ufunguo ukikataliwa skani haisimami, inaendelea kimyakimya kama mgeni, na habari hiyo inaandikwa kwenye mistari ya Log ambayo filta ya kawaida haionyeshi. Washa Log, tafuta Authenticated Scan, soma.

Hata hapo siwezi kukuapia. Skana imesoma kifurushi kilichoko kwenye diski, haijasoma kinachokimbia kwenye RAM. Umesasisha OpenSSL, nginx hujairistati, ripoti ni safi na nginx bado imeshikilia libssl (maktaba ya OpenSSL) ya zamani. Piga `lsof -n | grep libssl | grep DEL` uone mwenyewe. Kerneli ni hivyohivyo, linganisha `uname -r` na uliyoweka. Vitu vilivyoingia bila apt navyo navitilia shaka siku zote: jar kwenye /opt, node_modules, plagini za WordPress. Na fomu uliyoandika wewe na SQL injection yake hiyo OpenVAS haiisomi, tafuta ZAP, skana ya tovuti. Skani seva zako tu, au ulizoruhusiwa kwa maandishi, Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kenya wana yao ya 2018, na soma pia masharti ya aliyekuuzia VPS kuhusu kuskani.

Linalonisumbua mpaka leo ni hizo funguo. VPS moja inashika njia ya kuingia kwenye seva zote, nani anailinda yenyewe? Ninachofanya ni kuweka `from=` yenye IP ya skana (ufunguo usikubalike kutoka kwingine) kwenye authorized_keys ya kila seva, yuza asiwe na sudo, na VPS naizima kama hakuna skani inayoendelea. Anayeiteka skana ikiwa imewashwa bado anaingia kama yuza wa kawaida, na sijapata njia ya kuliondoa hilo bila kurudi kwenye kusoma baneri. Kama unafanya tofauti na inakufaa, niandikie.