Utafiti wa kufuatilia ni nini?

Utafiti wa kufuatilia ni kurudi kwenye chama au ofisi ileile mara kadhaa, kwa miezi au miaka, ili kuona inavyobadilika. Hojaji ya siku moja huonyesha chama kilivyo siku hiyo tu. Kilifikaje hapo, haisemi.

Chukua Bugisu, mashariki mwa Uganda. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa pale Mbale kilianzishwa mwaka 1954. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Uganda iliondoa ukiritimba wa Bodi ya Kahawa, na wanunuzi binafsi wakaanza kushindana na ushirika. Mtafiti wa mwaka 1985 na mwenzake wa mwaka 1995 wangeeleza hali mbili tofauti, na wote wangesema kweli. Mabadiliko yenyewe angeyaona yule tu aliyekuwepo mara zote mbili, au aliyesoma kumbukumbu za vikao vya kipindi chote hicho.

Kumbukumbu hizo ni hazina, lakini zisome kwa tahadhari. Mara nyingi katibu huandika kwa Kiingereza kikao ambacho wanachama wamekiendesha kwa Lugisu, lugha ya wenyeji, na bei yenyewe imejadiliwa sokoni kwa Kiswahili au Kiganda. Mabishano ya saa nzima hubaki mstari mmoja: "wanachama walikubaliana". Mimi naona hapo ndipo watafiti wengi hupotea, wakidhani karatasi ndiyo kikao. Kaa kikaoni, sikiliza nani anakatizwa na nani ananyamaza, kisha linganisha na kilichoandikwa. Ukiweza, ongea na waliokaa nyuma kabla hawajaondoka.

Njia nyingine ni kuchora mtandao wa mawasiliano. Muulize kila mwanachama: habari ya bei uliipata kwa nani? Chora mshale kutoka kwa aliyetoa habari kwenda kwa aliyeipokea. Mishale mingi ikianzia kwa mwenyekiti, umejua habari inatoka wapi. Rudi baada ya mwaka mmoja uulize swali lilelile, kwa maneno yaleyale na kwa lugha ileile. Huenda mishale sasa inaanzia kwa kijana anayesimamia kundi la WhatsApp, ingawa hana cheo chochote. Ukibadilisha maneno ya swali, hutajua kilichobadilika ni chama au ni swali lako.