King'ora kinalia, lakini kituo kimepata habari?

Wengi hujaribu kengele ya wizi kwa kufungua mlango na kusikiliza king'ora. Kikilia, wanaridhika. Jaribio hilo linapima kihisi, paneli (kisanduku kinachoendesha mfumo) na king'ora basi. Safari ya ujumbe kutoka kwenye paneli hadi kwa mhudumu wa kituo cha ufuatiliaji inabaki haijapimwa, na hiyo ndiyo inayoleta askari.

Tuanze na ujumbe wenyewe. Muundo uliozoeleka ni Contact ID, uliobuniwa kwa ajili ya simu za mezani, lakini hadi leo hubebwa ndani ya mitandao ya data. Ni tarakimu 16, kwa mfano:

4627 18 1 130 01 009 7

4627 ni akaunti ya mteja. 18 inatambulisha muundo wa ujumbe. 1 inasema tukio limeanza. Likiisha huja 3. 130 ni wizi, 01 ni sehemu ya jengo, 009 ni zoni iliyoguswa, yaani namba ya kihisi. Ile 7 ya mwisho ni ya ukaguzi: jumlisha tarakimu zote, kila sifuri ukiihesabu kuwa 10, na jumla lazima igawanyike kwa 15. Hapa tunapata 90. Isipogawanyika, kipokezi cha kituo kinaukataa ujumbe.

Angalia kwamba hakuna neno hata moja humo. Kituo kinajua 009 ni dirisha la stoo kwa sababu tu kuna mtu aliyeandika hivyo kwenye kumbukumbu zake. Fundi akihamisha kihisi bila kutoa taarifa, askari watatumwa upande ambao mwizi hayupo. Kosa baya zaidi ni la namba ya siri ya kulazimishwa, ile mwenye nyumba anayoibonyeza akiwa ameshikiwa silaha. Inapaswa kutuma 121. Ikipangwa kama namba ya kawaida hutuma 401, na mhudumu anaona mtu amezima mfumo wake kama kila siku.

Kwenye simu ya mezani, paneli hupiga namba ya kituo na kungoja milio miwili mifupi, wa hetzi 1400 kisha wa 2300. Ndipo hutuma tarakimu zake kwa milio ya vitufe. Kipokezi kikiridhika hutoa mlio mmoja mrefu wa hetzi 1400, karibu sekunde nzima. Paneli isipousikia hurudia. Mazungumzo haya yanahitaji laini iwe wazi, kwa hiyo paneli iunganishwe ya kwanza kwenye laini, kabla ya simu zote za nyumbani, iweze kuzikata inapohitaji kupiga. Laini ikiwa ni ya sauti juu ya intaneti, matatizo ni mengi zaidi: kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) inayobana sauti, kama G.729, imetengenezwa kwa usemi wa binadamu na huiharibu milio. Kodeki ya G.711, isiyobana hivyo, ina nafuu, ila pakiti zikichelewa au kupotea tarakimu zinapotea nazo. Pakiwa na njia ya data, mimi siipi laini ya aina hiyo kazi hii.

Kwenye data, itifaki (kanuni za mawasiliano) inayotumika sana ni SIA DC-09. Paneli ndiyo inayoanzisha mawasiliano kwenda nje, kwa hiyo hakuna sababu ya kufungua mlango wowote wa mtandao (port) kwenye ruta. Ujumbe ukisimbwa, yaani ukifichwa, kwa mbinu ya AES lazima ubebe saa uliyotumwa, ili mtu asinase ujumbe wa zamani na kuurudia. Matokeo yake, saa ya paneli ikipishana na ya kituo kwa dakika kadhaa, ujumbe halali unakataliwa. Kituo hujibu NAK, yaani jibu la kukataa, pamoja na saa sahihi, na kifaa kisichojua kujirekebisha kinakwama hapo, huku taa zake zote zikionekana nzima.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko yote: kituo kitajuaje kwamba paneli imenyamazishwa? Mwizi mzoefu hukata waya kwanza. Waya uliokatwa hautumi chochote, kwa hiyo kimya chenyewe lazima kihesabiwe kuwa tukio. Paneli hutuma ujumbe mtupu kila baada ya muda fulani, na usipofika kituo kinaonya. Muda huo ndio unaoamua. Katika kiwango cha Ulaya cha EN 50136, kundi la SP2 linaruhusu hadi saa 25 kabla kukatika kwa njia hakujaripotiwa, wakati SP5 ni sekunde 90. Kwa saa 25, waya uliokatwa saa saba usiku unaweza kujulikana usiku unaofuata, duka likiwa tupu. Gharama ya data isikutishe: kila sekunde 90 ni mara 960 kwa siku, na kwa baiti 300 kila mara ni chini ya megabaiti 9 kwa mwezi.

Weka njia mbili, lakini hakikisha ni mbili kweli. Kebo ya intaneti na moduli ya simu (kifaa kinachotuma kwa mtandao wa simu za mkononi) inayopita kwenye ruta ileile ni njia moja. Ruta isiyo na betri hufa umeme unapokatika, paneli ikiendelea kupumua. Moduli ya simu iliyofungiwa ndani ya kasha la chuma haisikii mnara. Toa antena nje. Moduli nyingi huonyesha nguvu ya mawimbi kwa alama 0 hadi 31: zidisha kwa 2, toa 113, upate dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Alama 10 ni -93, na chini ya hapo sikubali. Uliza pia mtandao wa kizazi hicho utadumu hadi lini. Kampuni ya AT&T ya Marekani ilizima 2G mwanzoni mwa 2017 na 3G mwaka 2022, na vifaa vilivyotegemea mitandao hiyo vikawa bubu.

Betri ihesabiwe. Betri ya amperi-saa 7, ukiamini asilimia 80 yake, kwa mzigo wa amperi 0.4 ni saa 14. Betri iliyochoka inaweza kuwasha paneli vizuri kisha volti zikaporomoka moduli inapovuta mkondo mkubwa wa kutuma, hivyo mfumo unajizima wakati uleule unaouhitaji.

Kuna pia mtego wa kuchelewesha. Sekunde 30 anazopewa mwenye nyumba kuingia na kuzima kengele, ukiongeza 30 za kungoja kabla ya kutuma, zinampa mwizi dakika nzima ya kuivunja paneli. Ifiche mbali na mlango, na uipange itume taarifa mara tu mlango unapofunguka. Ujumbe wa kuzima ukifuata, kituo kinafuta.

Ukijaribu, piga simu kituoni waiweke akaunti kwenye hali ya majaribio. Gusa zoni moja moja, omba orodha ya walichopokea, ulinganishe. Chomoa kebo ya intaneti na upime dakika hadi wakuambie imekatika. Zima umeme mkuu, kisha urudie zoni mbili kwa betri. Mwisho piga tena akaunti itolewe majaribioni, na usiondoke mpaka mhudumu athibitishe, kwa kuwa akaunti iliyosahaulika humo hupokea ujumbe wa wizi na hakuna anayeinuka kitini.