Sukari huvuka, insulini haivuki: maana ya kisukari katika ujauzito

Jina "kisukari cha mimba" huchanganya watu kwa sababu hutumika kwa wanawake wawili tofauti. Wa kwanza hakuwa na kisukari. Alipata mimba salama, na karibu na mwezi wa sita akaambiwa sukari yake iko juu. Wa pili ana kisukari tangu zamani, cha aina ya kwanza au ya pili, kisha akashika mimba. Watakaa benchi moja kliniki na wote watatobolewa vidole, ila hatari zao haziji wakati mmoja. Kisukari cha mimba hasa ni cha yule wa kwanza, kwa hiyo tuanze naye.

Chanzo ni kondo la nyuma. Wengi hulikumbuka siku ya kujifungua tu, linapotoka baada ya mtoto, ilhali kwa miezi yote hiyo lilikuwa linamlisha mtoto na kumwaga homoni kwenye damu ya mama. Baadhi ya homoni hizo hufanya misuli ya mama isiitikie kama zamani insulini, homoni ya kongosho inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini. Ukitazama haraka utadhani mwili unajihujumu, kumbe ni mpango: sukari ikichelewa kuingia kwenye misuli ya mama hukaa muda mrefu zaidi kwenye damu, na mtoto anapata fungu lake. Kongosho la mama hujibu kwa kutengeneza insulini zaidi, na mimba ikikaribia kukomaa huwa linatoa mara mbili au zaidi ya kawaida yake. Kwa wanawake wengi hesabu hulingana, wala hawajui kama kuna vuta nikuvute inaendelea ndani. Kwa baadhi yao kongosho huzidiwa na sukari ikabaki juu.

Kwa hiyo yule shangazi anayemwambia mjamzito "umezidisha soda" anamwonea. Uzito mkubwa kabla ya mimba huongeza uwezekano, na vilevile umri, ndugu wa damu wenye kisukari, kisukari katika mimba iliyotangulia, au kuwahi kuzaa mtoto wa kilo 4.5 na kuendelea. Lakini wapo wembamba, vijana, wasio na ndugu hata mmoja mwenye kisukari, na bado wanakipata.

Kinachofuata ndicho kiini cha habari yote. Glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, hupita kwenye kondo kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto; insulini ya mama haipiti. Mtoto anapokea sukari iliyozidi bila kupewa kitu cha kuidhibiti, basi kongosho lake dogo, ambalo huanza kutoa insulini mwishoni mwa miezi mitatu ya kwanza, linalazimika kufanya kazi ya mtu mzima. Daktari wa Denmark, Jørgen Pedersen, alilieleza hili miaka ya 1950, na mpaka leo maelezo yake ndiyo msingi. Insulini kwa mtoto aliye tumboni ni kama mbolea. Humnenepesha, na mafuta yake hupenda kukaa mabegani na kiwiliwili.

Ndiyo maana sifa ya "mtoto bonge" haimfurahishi mkunga hata kidogo. Mtoto mkubwa wa kawaida hukua kwa uwiano. Huyu wa kisukari anaweza kuwa na mabega mapana kuliko kichwa. Kichwa kinatoka vizuri, kisha bega linanasa nyuma ya mfupa wa kinena, na hapo kila dakika ina thamani yake.

Sentensi ileile, kwamba sukari huvuka na insulini haivuki, inaeleza jambo lingine linalowashangaza wazazi. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakoma papo hapo. Insulini ya mtoto haikomi. Kongosho lake limezoea kumwaga nyingi na halijapata habari kwamba ugeni umekwisha. Sukari ya mtoto inaweza kuporomoka katika saa za mwanzo. Kwa sababu hiyo atanyonyeshwa mapema, ndani ya saa ya kwanza ikiwezekana, na atatobolewa kisigino mara kadhaa kupimwa. Nyanya au bibi akiona hivyo hudhani mjukuu amezaliwa na kisukari. Mambo ni kinyume: sukari yake iko chini.

Kipimo cha kisukari cha mimba kwa kawaida hufanyika kati ya wiki ya 24 na ya 28, kwa kuwa wakati huo homoni za kondo zimeshapanda vya kutosha kuonyesha kama kongosho linamudu. Mwenye hatari kubwa hupimwa mapema zaidi. Unafika bila kula tangu usiku. Damu inachukuliwa, kisha unapewa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa kwenye maji, uzimalize ndani ya dakika tano. Ni tamu mpaka koo linakataa. Baada ya hapo unakaa. Hutembei, huli, huvuti sigara. Damu inachukuliwa tena baada ya saa moja, na tena baada ya saa mbili. Ukitapika njiani, kipimo kimeharibika na utarudi siku nyingine. Kupima mkojo pekee hakutoshi, maana figo za mjamzito huweza kupitisha sukari hata damu ikiwa sawa.

Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013 ni 5.1 kabla ya kula, 10.0 baada ya saa moja na 8.5 baada ya saa mbili, kwa milimoli kwa lita. Kimoja tu kikifikiwa kinatosha. Kama mashine yako husoma kwa miligramu, zidisha kwa 18 upate takribani 92, 180 na 153. Ila namba hizi zisikutishe kama hukumu ya mahakama. Utafiti mkubwa uitwao HAPO, uliochapishwa mwaka 2008 na kuhusisha wanawake zaidi ya 23,000 katika nchi 9, haukukuta mahali ambapo hatari inaanza ghafla. Hupanda kidogokidogo kadiri sukari inavyopanda. Mstari uliwekwa na watu, baada ya mabishano marefu, na mwongozo wa Uingereza umeuweka kwingine: 5.6 kabla ya kula na 7.8 baada ya saa mbili. Mwanamke mwenye 5.3 asubuhi ana kisukari cha mimba kwa jedwali moja na hana kwa jingine, na mtoto wake ni yuleyule.

Ukishaambiwa unacho, maisha yanahamia kwenye daftari. Malengo ya kawaida ni chini ya 5.3 kabla ya kula asubuhi, chini ya 7.8 saa moja baada ya mlo, au chini ya 6.7 saa mbili baada yake. Kliniki nyingi huhesabu muda tangu tonge la kwanza, siyo tangu umalize kula. Uliza yako inahesabu vipi, kwa sababu mlo wa mazungumzo ya nusu saa unaweza kukupa namba isiyo na maana.

Tuseme ukurasa mmoja wa daftari unasomeka hivi: asubuhi 5.8, baada ya kifungua kinywa 7.1, mchana 6.9, usiku 7.3. Kesho yake asubuhi 5.9, na zilizobaki ni nzuri vilevile. Mwenye daftari anaona kosa liko kwenye chakula cha usiku, basi anakipunguza. Asubuhi inakuwa 5.9 tena. Anakiacha kabisa. 6.0. Maskini, anapigana na adui asiyekuwepo. Namba zake za baada ya kula zinasema anakula vizuri. Ile ya asubuhi imetoka kwenye ini, ambalo usiku kucha lilikuwa likitoa sukari iliyowekwa akiba huku insulini ikishindwa kulizuia. Kulala na njaa hakutatui hilo, na kunaweza kumfanya aanze kuyeyusha mafuta na kujaza ketoni, tindikali zinazotokana na mafuta hayo, kwenye damu, kitu kisichotakiwa kwa mjamzito. Dozi ndogo ya insulini wakati wa kulala ndiyo hulenga tatizo la namna hii. Ukurasa kama huu ndio wa kumwonyesha daktari, pamoja na namba mbaya. Wapo wanaoandika 5.1 kila siku ili wasigombezwe, na wanayemdanganya ni mtoto.

Kuhusu chakula, walio wengi hudhibiti sukari kwa mlo na mazoezi pekee, bila dawa. Wanga hauachwi, mtoto anauhitaji, na mama pia. Unagawanywa: kiasi kidogo kwenye kila mlo badala ya mlima mmoja, uandamane na protini na mboga, na uwe ule wenye nyuzinyuzi. Kifungua kinywa ndicho chenye ubishi, kwani asubuhi mwili hukaidi insulini kuliko saa nyingine, kwa hiyo mkate unaovumilika mchana unaweza kuirusha sukari yako hadi 9 ukiliwa saa mbili asubuhi. Juisi ya matunda, hata uliyokamua mwenyewe, ihesabu kama sukari. Na kutembea dakika 10 au 15 baada ya kula hushusha namba kuliko watu wanavyoamini.

Isipotosha, inaingia dawa, na hapa hofu za watu zimekaa kichwa chini miguu juu. Wanaiogopa insulini na kuomba vidonge. Kumbuka kile kinachovuka na kisichovuka: insulini ya sindano inabaki kwa mama, wakati metformini, kidonge kinachotumika sehemu nyingi, hufika kwa mtoto. Hilo peke yake haliifanyi kuwa mbaya, na daktari anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuichagua. Lakini anayekataa sindano kwa kumhurumia mtoto amegeuza hesabu. Sindano yenyewe ina urefu wa milimita chache na huishia kwenye mafuta chini ya ngozi. Haimfikii mtoto.

Sasa yule wa pili, aliyeingia kwenye mimba na kisukari chake. Kwake hatari kubwa huanza wakati ambao mwenzake hana tatizo lolote. Mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hufunga takriban wiki nne baada ya mimba kutungwa, na moyo nao unajengwa siku hizohizo. Hesabu mwenyewe: wiki nne baada ya kutungwa, hedhi imechelewa wiki mbili tu, na wengi ndiyo kwanza wanawaza kununua kipimo. Sukari ikiwa juu sana katika siku hizo, uwezekano wa mimba kuharibika, mgongo wazi na kasoro za moyo huongezeka. Ndiyo maana kliniki yake inapaswa kuanza kabla ya mimba: kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, kishuke chini ya asilimia 6.5 kama kinaweza kushuka bila kumwangusha kwa sukari kuwa chini mno; foliki asidi, ambayo ni vitamini, ianze mapema, mara nyingi kwa dozi kubwa ya miligramu 5; na baadhi ya dawa za presha na za kolesteroli zibadilishwe. Mwongozo wa Uingereza humshauri mwenye HbA1c iliyozidi asilimia 10 asubiri kwanza. Na aliyekwisha kushika mimba bila maandalizi? Aende kliniki leo, asisubiri tumbo lionekane. Kila wiki ya sukari nzuri inahesabika.

Miezi mitatu ya mwanzo humletea sukari kushuka, tena bila dalili alizozizoea. Jasho na kutetemeka vinaweza visije. Anajikuta tu haelewi anachoambiwa. Watu wa nyumbani wajue kumpa kitu kitamu ikishuka chini ya 3.9. Kisha, kuanzia karibu wiki ya 16, mambo yanageuka na dozi ya insulini inapanda wiki baada ya wiki, pengine mpaka mara mbili au tatu ya ile aliyoanza nayo. Wengi hujilaumu hapo, wakidhani wameteleza mahali. Ni kondo linakua. Dozi ikishuka ghafla miezi ya mwisho, hapo ndipo pa kumpigia daktari. Macho na figo hupimwa, kwa kuwa mimba inaweza kuvisukuma vyote viwili, na aspirini kidogo huanzishwa kuanzia wiki ya 12 ili kupunguza uwezekano wa kifafa cha mimba. Mwenye aina ya kwanza anayetapika bila kukoma aende hospitali hata kama mashine haionyeshi namba ya kutisha: kwa mjamzito, ketoni huweza kufurika sukari ikiwa bado ya wastani. Na mtoto akipunguza kucheza, kwa mwenye kisukari cha aina yoyote, ni safari ya siku hiyohiyo.

Kondo likitoka, homoni zake huondoka nalo. Aliyekuwa na kisukari cha mimba kwa kawaida huacha dawa siku hiyo na namba zake hurudi. Imebaki glasi moja zaidi ya glukosi, kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya kujifungua, na ndicho kipimo kinachosahauliwa kuliko vyote. Mtoto atachanjwa kwa tarehe yake, kipimo cha mama kitapita. Yeye ana uwezekano wa kupata aina ya pili mara saba au zaidi kuliko aliyepita mimba bila kisukari, kwa hiyo hata kikiwa safi atakirudia kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu.

Mwenye kisukari cha zamani anayetumia insulini ana kazi nyingine. Dozi aliyokuwa akijidunga jana sasa inaweza kumwangusha. Hupunguzwa mara moja, wakati mwingine chini ya ile ya kabla ya mimba, na kunyonyesha kunazidi kuvuta sukari. Usiku wa manane, mtoto yuko titini, mama anaanza kuona mikono mizito na maneno ya mume hayaingii. Chupa ndogo ya juisi ikae pale anaponyonyeshea, mahali anapoweza kuifikia kwa mkono mmoja.