Mwingiliano wa sumakuumeme: kwa nini pedali ya kujitengenezea inavuma

Mwingiliano wa sumakuumeme ni pale umeme wa nje unapojipenyeza ndani ya saketi bila kualikwa. Kwenye gitaa hujitokeza upesi, kwa sababu pikapu (koili yenye sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi) hutoa sehemu ndogo tu ya volti moja, na amplifaya hukuza kila kinachofika mlangoni, kizuri na kibaya. Pedali (kiboksi cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gitaa) au boksi la swichi ulilounda nyumbani likikaa njiani bila kinga, hugeuka antena.

Mafundi wengi wakisikia mvumo hukimbilia foili, yaani karatasi nyembamba ya chuma. Lakini uchafu huu una njia zaidi ya moja, na dawa ya njia moja haizibi nyingine.

Ukigusa nyuzi au boksi na mvumo ukapungua, hiyo ni kazi ya uga wa umeme kutoka nyaya za ukutani, volti 240 za hezi 50. Hapo ndipo kinga ya chuma inapofaa. Tumia boksi la alumini, jeki (matundu ya kuchomekea waya) zibane kwenye chuma kitupu, na rangi ikwanguliwe pale mfuniko unapokutana na boksi. Boksi la plastiki nalo hufaa ukilitandika foili ya shaba ndani, ila gundi ya foili nyingi haipitishi umeme, hivyo lehemu kila vipande vinapopandana. Foili ya alumini ya jikoni haishiki lehemu. Ibane kwa skrubu pamoja na waya. Foili isiyounganishwa na graundi (upande wa sifuri wa saketi) ni pambo tu.

Hapa Mombasa hewa ya chumvi huongeza kazi. Alumini hufanya utando mweupe usiopitisha umeme, na nati za jeki hushika kutu. Kwa macho mfuniko umefungwa, kwa umeme uko wazi. Pima kwa multimita kutoka pete ya nje ya jeki hadi kwenye mfuniko: isizidi omu 1. Ikizidi, piga msasa, weka washa (pete bapa ya chini ya nati) yenye meno, kaza tena.

Mvumo ukibadilika unapogeuza gitaa au kusogeza pedali, huo ni uga wa sumaku, mara nyingi wa transfoma ya amplifaya au adapta. Boksi la alumini haliuzuii katika hezi 50, hata ukiliongeza unene. Dawa ni umbali na pembe: adapta ikae mbali na pedali, na waya wa gitaa ukilazimika kukutana na waya wa stima, upite juu yake kimsalaba, usilale sambamba nao.

Redio ikisikika ndani ya spika, transista ya kwanza ndiyo inayoinasa. Weka rezista ya kilo-omu 1 mfululizo baada ya jeki ya kuingilia, kisha kapasita ya kauri ya pikofaradi 100 kwenda graundi. Mpangilio huo peke yake hukata mawimbi kuanzia takriban megahezi 1.6. Pikapu ikiunganishwa kiwango hicho hushuka, lakini bado kiko mbali juu ya sauti ya gitaa. Kapasita iwe kwenye jeki penyewe na miguu yake ikatwe mifupi, maana mguu mrefu unarudisha tatizo.

Upande wa umeme wa volti 9, adapta za bei nafuu huleta mlio mwembamba. Rezista ya omu 100 mfululizo, kisha kapasita ya mikrofaradi 100 ya volti 25 na nyingine ya nanofaradi 100 kwenda graundi, huusafisha sana. Kwa pedali inayotumia miliampea 5 utapoteza nusu volti tu. Usijaribu hivyo kwenye pedali ya dijitali ya miliampea 100: hesabu inadai volti 10, yaani haitawaka.

Mvumo unaoanza tu unapounganisha amplifaya na mixer (mashine ya kuchanganya sauti) ni mzunguko wa ethi, yaani vyombo viwili vimeungana kwa njia mbili za ethi. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Mvumo ukiendelea, tumia transfoma ya sauti ya 1:1, inayopitisha sauti bila nyaya za pande mbili kugusana, na jeki ya upande mmoja itengwe na boksi kwa washa za plastiki, la sivyo chuma chenyewe kitaunganisha tena ulichotenganisha. Kukata pini ya ethi kwenye plagi ni hatari: amplifaya ikipata hitilafu, nyuzi za gitaa ndizo zitakazobeba stima.

Kabla ya kufungua boksi lolote, zima pangaboi. Rigyuleta yake (kidhibiti kasi) ya kielektroniki hukatakata umeme mara 100 kwa sekunde, na kelele hiyo huingia kila mahali. Mlio ukikoma papo hapo, pedali haina kosa. Weka kasi ya mwisho, au badilisha rigyuleta kwa ile ya hatua zinazotumia kapasita.