Mafua ya ndege: ugonjwa wa kwenda na kurudi

Neno "mafua" linatuponza. Kwetu mafua ni kamasi, chafya na chai ya tangawizi. Baada ya siku tatu mtu yuko kazini. Ndiyo maana mfugaji akisikia redioni kwamba mafua ya ndege yameingia nchi jirani, picha inayomjia ni kuku anayetokwa na makamasi, ambaye labda atapona kwa kutiliwa shubiri kwenye maji ya kunywa. Kenya wengi husema homa ya ndege, na jina hilo nalo linapoza jambo. Ugonjwa wenyewe, ukiwa katika sura yake kali, hauna upole huo. Unafunga banda jioni kuku wakiwa wanadonoa pumba, unafungua asubuhi unakuta kadhaa wamelala juu ya maranda, shingo zimenyooka, na ndani ya siku mbili tatu banda zima limekwisha.

Chanzo chake ni kirusi cha influenza aina ya A, ukoo uleule unaotuletea binadamu mafua makali ya msimu. Tofauti iko kwa mwenyeji wake wa asili. Kirusi hiki kimeishi na ndege wa majini tangu kale: bata pori, bata bukini, membe, buabua na vitwitwi wa ufukweni. Kinakaa utumboni mwao, kinatoka na kinyesi, kinaingia majini, mwingine anakunywa, na maisha yanaendelea bila bata kuonekana mgonjwa. Kwenye maji ya baridi kinaweza kubaki hai kwa wiki kadhaa. Joto, jua kali na sabuni hukiua.

Yale majina ya H5N1 au H5N8, yanayosomwa kwenye taarifa ya habari kama namba za gari, yana maana nyepesi. H na N ni protini mbili zilizo juu ya ganda la kirusi. H hushika seli ya ndege ili kirusi kiingie. N huwakata kamba virusi wapya ili watoke kwenda kushika seli nyingine. Ndege hubeba H za namba nyingi, lakini ni mbili tu, H5 na H7, zenye tabia ya kugeuka kuwa kali.

Zinageukaje? Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye kiini cha jambo hili. Kirusi hakiwezi kuingia kwenye seli mpaka H yake ikatwe mahali maalumu, na anayeikata ni kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi kama mkasi, cha mwili wa ndege mwenyewe. Kwa kirusi kipole, kimeng'enya kinachofaa kinapatikana utumboni na kwenye njia ya hewa tu. Ugonjwa haufiki mbali: kuku wanapunguza kutaga, wanakohoa kidogo, mfugaji anasema ni baridi. Sasa kiingize kirusi hicho cha H5 au H7 kwenye banda lenye maelfu ya kuku wa umri mmoja, wa mbegu moja, wanaopumuliana usiku na mchana. Kinazaliana mara zisizohesabika, na kila kinapojinakili kinaweza kukosea. Kosa likiangukia pale pa kukatia, H hiyo inaweza kukatwa na vimeng'enya vilivyo karibu kila kiungo. Hapo kirusi kinaingia kwenye moyo, ubongo, figo, mapafu na mishipa ya damu. Upanga na ndevu za kuku zinavimba na kuwa za zambarau, miguuni damu inavilia chini ya ngozi, na wengine hufa kabla hata ya kuonyesha dalili.

Kwa hiyo kirusi kipole hutoka kwa ndege wa porini, lakini ukali kwa kawaida huzaliwa mabandani mwetu. Hilo husahaulika kila mlipuko unapotokea na watu wakaanza kuwaangalia ndege wa ziwani kama wahalifu.

Historia inaonyesha hivyo. Tauni hii ya kuku ilielezwa kitaalamu kaskazini mwa Italia mwaka 1878, na ilikuwa 1955 ndipo wanasayansi walipotambua kwamba ni influenza. Miaka yote hiyo ulikuwa ugonjwa wa ndege wafugwao. Mwaka 1961 walikufa buabua wapatao 1,300 huko Afrika Kusini, na kwa miongo minne tukio hilo lilibaki kama jambo la ajabu lisilo na pacha. Kisha mwaka 1996, kwenye shamba la bata bukini mkoani Guangdong, China, kikapatikana kirusi cha H5N1 ambacho kizazi chake ndicho kinachotusumbua hadi leo. Mwaka uliofuata kiliua kuku Hong Kong na kuwapata watu 18, sita wakafariki. Serikali iliamuru kuku zaidi ya milioni moja wauawe. Mwaka 2005 ndege wa porini wapatao 6,000 walikufa katika Ziwa Qinghai, China, wengi wao bata bukini wahamao. Kirusi kilichokomaa mabandani kilikuwa kimerudi kwa wenyeji wake wa zamani, na safari hii hakikuwaacha. Februari 2006 kilithibitishwa kwa mara ya kwanza Afrika, katika jimbo la Kaduna, Nigeria.

Kwetu Afrika Mashariki kumbukumbu iliyo karibu ni ya Januari 2017, kwenye ghuba ya Lutembe, Ziwa Victoria, si mbali na Entebbe. Ghuba hiyo imo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani, na kila mwaka hupokea kundi kubwa mno la buabua mabawa-meupe, ndege wepesi wenye mwili usiozidi ngumi ya mtoto, wanaozaliana Ulaya ya mashariki na Asia kisha kuja kukaa kwetu wakati kwao ni baridi. Walionekana wamekufa ufukweni. Vipimo vikaonyesha H5N8 kali, na katika wilaya ya Masaka bata na kuku wakakutwa nayo. Kenya na Rwanda zikafunga mipaka kwa kuku na mayai ya Uganda. Mwaka huohuo ugonjwa ukathibitishwa Ituri, Kongo, upande wa Ziwa Albert. Mama aliyekuwa akipeleka trei za mayai mpakani hakuwa na kuku mgonjwa hata mmoja, lakini soko lake lilifungwa siku hiyohiyo.

Ndege wenyewe wamelipa zaidi. Januari 2021 mwari wapatao 750 walikufa katika hifadhi ya Djoudj, Senegal. Mwishoni mwa mwaka huo, pwani ya Afrika Kusini, walikufa minandi wa Cape zaidi ya 20,000, na huyo ni ndege ambaye tayari yuko hatarini kutoweka. Mwaka 2023 kirusi kikatoka kwa ndege kikaingia kwa sili-tembo, wanyama wakubwa wa baharini, huko Argentina, na watoto wao zaidi ya 17,000 wakafa katika msimu mmoja wa kuzaa. Kuku wa banda moja wanaweza kurudishwa kwa kununua vifaranga. Mnandi hutaga mayai machache kwa mwaka, na hakuna pa kuagiza wengine. Jambo hili linaniuma, na naona halipewi uzito wake kwa sababu ndege wa porini hana mwenye kumdai fidia.

Lakini buabua hana urafiki na kuku. Haingii bandani. Nani basi hubeba kirusi kutoka ziwani hadi kwenye maranda? Mara nyingi ni bata wetu wa kufugwa, anayeshinda kwenye bwawa na kurudi jioni kulala na kuku. Mara nyingine ni maji ya ziwa yanayochotwa kwa ndoo na kutiwa moja kwa moja kwenye vyombo vya kunywea. Zaidi ya yote ni sisi. Nenda soko lolote la kuku alfajiri. Matenga yamepangwa manne matano, kinyesi cha kuku wa juu kinawadondokea wa chini, kanga na bata wamechanganywa na kuku wa kienyeji kutoka vijiji kumi. Jioni waliobaki wanarudishwa nyumbani na tenga lilelile, bila kuoshwa. Trei ya kadibodi iliyokaa sokoni inaingia kwenye stoo ya mfugaji mwingine. Mnunuzi anakanyaga kila banda kwa viatu vilevile, akichagua. Ugonjwa ukishaingia, ndege wahamao hawahitajiki tena, pikipiki inatosha.

Kuna ugumu mwingine ambao wafugaji wa kwetu wanaujua vizuri: kideri, au mdondo. Kideri kinaua banda zima, kinapinda shingo, kinaleta mharo wa kijani, na kimezoeleka kiasi kwamba kuku wakifa wengi hakuna anayeuliza. Kwa macho tu hata daktari wa mifugo hawezi kutofautisha kwa uhakika. Lazima sampuli ifike maabara. Ila kuna maswali mawili yanayosaidia. Je, kuku hawa walichanjwa kideri ipasavyo na bado wanakufa kwa kasi? Na je, bata nao wanakufa, wakati kideri kwa kawaida huwapita? Jibu likiwa ndiyo, mpigie afisa mifugo hapohapo.

Najua kwa nini wengi hawapigi. Kuku akizubaa, kisu kinamuwahi kabla hajafa, na wengine wanapelekwa sokoni kabla habari haijasambaa. Ugonjwa ukithibitishwa, kawaida ni kuwaua kuku wote wa shamba, wagonjwa na wazima, na kuwafukia au kuwateketeza. Mtu ambaye kuku wake ndio ada ya mtoto, ukimwambia aripoti bila kumwambia atalipwa nini, unamwomba ajichome mwenyewe. Serikali yenye mpango wa fidia unaojulikana mapema hupata taarifa mapema. Chanjo ipo, na China huitumia kwa wingi. Ufaransa ilianza kuchanja bata mwaka 2023. Lakini aliyechanjwa anaweza kubeba kirusi bila kuonekana, kwa hiyo chanjo bila vipimo vya mara kwa mara inaweza kuficha ugonjwa.

Kinachowezekana kwa mfugaji mdogo hakihitaji mtaji mkubwa. Bata walale mbali na kuku. Maji yatoke bombani au kisimani, au yatibiwe kwa klorini. Kuwe na viatu vya bandani visivyotoka bandani, na beseni la dawa mlangoni linalobadilishwa kila siku, kwa sababu dawa iliyojaa kinyesi haiui kitu. Kuku aliyenunuliwa akae peke yake kwa wiki mbili. Kuwapiga risasi ndege wa ziwani au kukausha bwawa hakusaidii: waliobaki wanatawanyika na kupeleka kirusi mbali zaidi.

Kwa binadamu, hatari iko kwenye kuchinja, kunyonyoa na kutoa matumbo ya ndege mgonjwa, kazi ambayo majumbani kwetu hufanywa na akina mama na watoto. Tangu 2003 Shirika la Afya Duniani limeorodhesha wagonjwa zaidi ya 900 wa H5N1, na karibu nusu walifariki. Haiambukizi kirahisi kutoka mtu hadi mtu. Nyama iliyoiva hadi mfupani na yai lililokauka kiini havina tatizo.

Na ukiwa ufukweni ukakuta ndege wengi wamekufa mahali pamoja, usiwaguse wala usimwache mbwa awale. Hesabu kwa macho, piga picha, andika jina la mahali na siku, kisha mpelekee afisa mifugo wa kata. Fanya hivyo siku hiyohiyo, maana mzoga ukishaoza, maabara huenda isipate tena cha kupima.